Kabla Hujalipia Alpaka, Iguse Shingoni

Katika viwanda vya sufu vya Arequipa, mji wa kusini mwa Peru uliojengwa kwa mawe meupe ya volkeno, ipo kazi moja ambayo mashine haijawapokonya wanawake. Manyoya ya alpaka mmoja, yaliyokatwa yakatoka yameshikana kama blanketi, hutandazwa mezani. Mwanamke aliye mbele ya meza hiyo hana darubini wala rula. Anachomoa fungu la manyoya, analivuta, analitazama kwenye mwanga, analitupia kapuni. La mgongoni na mbavuni huku, la shingoni kule, la tumboni na miguuni mwisho kabisa. Anachotafuta ni wembamba wa unywele mmoja mmoja, na tofauti anayoisikia kwa ncha za vidole ni ya mikroni tatu tu, yaani sehemu tatu katika elfu moja za milimita. Unywele wa kichwani kwa binadamu huwa na mikroni kama 60 hadi 80.

Meza hiyo ndiyo inayopanga bei ya sweta utakalolikuta dukani Milano au Toronto. Manyoya yenye mikroni 23 kushuka chini huingia daraja linaloitwa "baby alpaca". Kutoka hapo hadi mikroni 26.5 ni daraja la kati, zuri kabisa kwa nguo nyingi. Yapo mengine mawili yanayofuata, kisha kila kinachozidi mikroni 31.5 huhesabiwa kuwa manyoya mazito, ya mazulia na vitambaa vya kujazia. Juu ya yote wamo wauzaji wanaotaja "royal alpaca", ya mikroni 19 hivi, ambayo ni chache na bei yake hukatisha tamaa.

Kwa hiyo anayedhani amevaa manyoya ya kitoto cha alpaka, jina limempiga chenga. Ni kweli kwamba manyoya ya kwanza ya mnyama kwa kawaida ndiyo laini kuliko yote atakayotoa, lakini mezani pale hakuna anayeuliza umri. Alpaka mzima wa ukoo mzuri anaweza kutoa manyoya ya daraja hilo kutoka mgongoni, na huyohuyo akatoa manyoya ya zulia kutoka miguuni. Ndiyo maana neno "alpaka" peke yake kwenye lebo halijakuambia kitu. Mnyama ni mmoja, ila juu ya mwili wake yamo maduka mawili: la shali ya bibi harusi na la mkeka wa mlangoni.

Suala hili la wembamba lina maana moja kubwa kwa mvaaji, nayo ni kuwasha. Watu husema "sufu inanikataa", wakadhani wana mzio. Mara nyingi kinachowasumbua ni unywele mnene. Unywele unaozidi mikroni 30 hivi ni mgumu kiasi kwamba ncha yake ikigusa ngozi haipindi, inachoma. Mwembamba hupinda. Nguo ikiwa na nywele nene chache tu kati ya mia, hata kama nyingine zote ni laini, shingo itazijua. Alpaka ina faida mbili hapo. Magamba madogo yaliyo juu ya unywele wake yamelala zaidi kuliko ya kondoo, kwa hiyo huteleza. Pia haina yale mafuta ya kondoo ambayo baadhi ya watu ngozi zao huyakataa kweli. Lakini alpaka ya daraja la chini inawasha kama sufu nyingine yoyote ya daraja la chini, na muuzaji anayekuapia kwamba alpaka haiwashi kamwe anauza kiapo.

Mnyama mwenyewe ni wa ukoo wa ngamia. Ukimtazama mdomo uliopasuka na kope ndefu hutabisha. Wako ndugu wanne huko Amerika ya Kusini: lama, mkubwa wa kubebea mizigo, guanako na vikunya, wa porini, na alpaka, aliyetokana na vikunya baada ya wafugaji wa milima ya Andes kumfuga na kumchagua kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya manyoya. Sehemu kubwa ya alpaka wa dunia wako Peru, hasa mikoa ya Puno, Cusco, Arequipa na Huancavelica. Malisho yao yako mita 4,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro na kulala kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi, anaielewa hewa hiyo. Mchana jua linaunguza, usiku maji yanaganda, na hakuna mti. Mnyama anayeishi hapo mwaka mzima bila banda la maana ni lazima awe amevaa vizuri.

Wapo wa aina mbili. Huacaya ndiye tunayemwona kwenye picha, amefura kama mto wa kulalia. Hao ndio walio wengi, zaidi ya tisa katika kila kumi. Suri ni wachache, na manyoya yao huning'inia katika misokoto mirefu inayong'aa karibu kama hariri. Kwa mnunuzi tofauti ni hii: uzi wa huacaya una mawimbi madogo yanayokamata hewa, kwa hiyo hufaa kwa sweta na kofia. Uzi wa suri umenyooka, unaanguka vizuri mwilini, hufaa kwa koti la heshima au shali. Sweta la suri mtupu hurefuka kila mwezi hadi likawa kanzu.

Alpaka hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mvua zinapoanza kuelekea Desemba, na mmoja hutoa kilo mbili au tatu hivi. Hapa ndipo ninapoona dhuluma iliyojificha. Mfugaji wa kule juu, mwenye wanyama wachache na barabara mbovu, humuuzia mlanguzi kwa mkumbo: yote gunia moja, mizani moja, bei moja. Yule aliyehangaika miaka kumi kuchagua madume yenye manyoya membamba analipwa sawa na jirani yake asiyejali. Tena manyoya mazito yana uzito zaidi, kwa hiyo mizani inampongeza mzembe. Wembamba unaanza kulipiwa manyoya yakishafika Arequipa, kwenye meza ya yule mwanamke, na fedha hiyo haipandi tena mlimani. Vipo vyama vya ushirika vinavyopanga manyoya kijijini na kuuza kwa madaraja, na wanachama wao hupata nafuu, ila mkumbo bado ni mwingi.

Rangi nayo ina kisa chake. Wafanyabiashara wa Peru huhesabu rangi za asili za alpaka kuwa 22, kuanzia nyeupe, kupitia kahawia za kila namna na kijivu, hadi nyeusi. Viwanda vilipenda nyeupe kwa kuwa inakubali kutiwa rangi yoyote, vikailipia zaidi, na wafugaji wakafanya kama mfugaji yeyote mwenye akili angefanya: wakaacha kuzalisha wale wa rangi. Sasa makundi mengi milimani ni meupe. Ukikuta sweta la kahawia au kijivu ambalo lebo inasema halikutiwa rangi, lina thamani ya ziada. Hakuna dawa iliyopita humo, halichuji, na ununuzi wako unampa mtu sababu ya kumtunza dume jeusi.

Waingereza ndio walioifanya alpaka kuwa nguo ya dunia, na walifanya hivyo karibu kwa bahati. Mwaka 1836 kijana mfanyabiashara wa sufu kutoka Bradford, Titus Salt, aliyakuta marobota ya manyoya ya alpaka yamekaa ghalani Liverpool bila mteja. Akachukua sampuli, akajaribu, akarudi kuyanunua. Siri aliyoipata ni kuyafuma pamoja na nyuzi za pamba. Kikatoka kitambaa chepesi chenye mng'aro ambacho wanawake wa enzi ya Malkia Victoria walikigombania. Malkia mwenyewe alikuwa na alpaka wawili, na manyoya yao yakapelekwa kwa Salt kufumwa. Mwaka 1853 tajiri huyo alifungua kiwanda kikubwa kando ya mto Aire, na hatua kwa hatua akakizungushia kijiji kizima cha wafanyakazi, Saltaire, ambacho tangu 2001 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwenye nembo ya ukoo wake aliweka alpaka. Nadhani ni mnyama pekee aliyestahili.

Sasa twende dukani, au sokoni. Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia mbili za kukutana na alpaka. Ya kwanza ni ndugu aliye ughaibuni, anayenunua mwenyewe au anayeleta zawadi. Ya pili ni mitumba. Katika marobota ya masweta yanayotoka Ulaya, nguo ya alpaka hupenya mara mojamoja, na mchambuzi asiyeijua huiweka pamoja na akriliki kwa bei ileile. Hiyo ni bahati ya anayejua kusoma lebo.

Lebo ya ndani, ile ndogo iliyoshonwa ubavuni, ndiyo yenye ukweli kuliko kitambulisho kikubwa cha shingoni. Ulaya sheria inataka asilimia ya kila aina ya uzi itajwe. Kijerumani huandika "Alpaka" kama sisi. Kiitaliano na Kihispania "alpaca". Neno "lana" ni sufu, na "Schurwolle" ni sufu mpya ya kondoo. Ukiona "Polyacryl" au "acrilico", hiyo ni akriliki, plastiki iliyosokotwa. Baadhi ya lebo hutumia vifupisho: WP ni alpaka, WO ni sufu ya kondoo, WS ni kashmiri, WM ni mohea, PA ni nailoni, PC au PAN ni akriliki. Kwa hiyo "WP 70 WO 30" ni sweta la kushika kwa mikono miwili. Nguo za Marekani ni mtego kidogo, kwa sababu sheria yao inaruhusu manyoya ya alpaka kuitwa sufu tu bila kutajwa kwa jina. Sweta limeandikwa sufu asilimia mia, lakini linateleza na lina uzito wa ajabu? Litazame mara ya pili.

Usikimbie mchanganyiko. Alpaka ina udhaifu mmoja wa maumbile: haina msuli wa kujirudi. Unywele wa kondoo umejikunja kama springi, ukiuvuta unarudi. Wa alpaka ukiuvuta unabaki ulikovutwa. Fundi mzuri huliongezea sweta la alpaka sufu ya merino au nailoni kidogo ili pindo za mikono na kiuno zishike. Alpaka 70 kwa merino 30 ni nguo ya akili. Ninachokitilia shaka ni ile alpaka asilimia 8 katikati ya akriliki, ambayo mbele ya duka imeandikwa "alpaca" kwa herufi kubwa. Asilimia hizo nane zimewekwa kwa ajili ya bango.

Masoko ya watalii kule Cusco na La Paz yenyewe yamejaa masweta na blanketi zenye picha za lama, zinazouzwa kwa kuapiwa kuwa alpaka safi, na nyingi ni akriliki au mchanganyiko. Ukiletewa zawadi ya aina hiyo pokea kwa shukrani, kisha ipime kimyakimya. Alpaka halisi ukiishika huhisi ubaridi kidogo mwanzoni, halafu joto linakuja. Akriliki ni ya joto la palepale, nyepesi mno, na ukiisugua kwenye mkono mkavu hutoa cheche na kusimamisha vinyweleo. Kipimo cha uhakika ni moto. Chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe. Sufu ya kweli huungua polepole kwa harufu ya nywele zilizoungua, hujizima moto ukiondolewa, na kuacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka, hunuka kemikali, na kuacha kishanga kigumu. Moto hautakutenganishia alpaka na kondoo, ila plastiki haiwezi kujificha.

Baada ya lebo, shingo. Vidole vimekomaa kwa kazi, vinadanganywa kirahisi. Iweke nguo chini ya sikio au upande wa ndani wa kiwiko kwa dakika moja, uongee na muuzaji mambo mengine. Ikianza kukukera hapo dukani, nyumbani haitabadilika. Halafu ivute kidogo kwa upana na kuiachia, uone kama inarudi. Itazame kwenye mwanga: mfumo uliolegea, wenye matundu matundu, ni njia ya kiwanda kubana uzi, na nguo hiyo itatanuka mapema. Chungulia mishono ya mabega. Kwenye nguo nzito ya alpaka bega ndilo linalobeba kila kitu, na fundi mzuri hupitisha hapo utepe mwembamba wa kuzuia kuvutika.

Pesa yako iweke pale panapogusa ngozi, na hili ndilo ninalowaambia wote wanaoniuliza. Skafu inastahili daraja la juu kabisa, kwa kuwa inakaa shingoni na haivutwi na uzito wake. Nguo ya kwanza ya alpaka kwa mtu yeyote iwe skafu. Sweta la kuvaa juu ya shati linaweza kuwa la daraja la kati bila hasara. Koti lenye bitana halihitaji "baby alpaca" hata kidogo. Manyoya yenye unene kidogo hudumu zaidi na kushika umbo. Soksi za alpaka tupu ya daraja la juu ni kutupa fedha, zitatoboka kisigino kabla ya baridi kwisha. Tafuta zenye nailoni robo hivi.

Kuhusu joto, wauzaji hupenda kusema alpaka ina joto mara tano au mara saba kuliko kondoo. Usiwasikilize. Joto la sweta linatokana na hewa iliyokamatwa ndani yake, na hiyo hutegemea unene wa mfumo kama inavyotegemea mnyama. Kilicho kweli ni kwamba nywele nyingi za alpaka zina uwazi katikati, kwa hiyo nguo hupata joto kwa uzito mdogo. Njombe, Makete, Limuru au Kinangop, sweta jepesi la alpaka juu ya shati la pamba linatosha asubuhi za Juni na Julai. Mpanda Kilimanjaro alivae katikati: chini nguo inayoondoa jasho mwilini, juu koti la kuzuia upepo, kwa maana upepo hupita kwenye mfumo wa sufu kama kwenye chandarua. Dar es Salaam na Mombasa iacheni, labda kwa basi la usiku lenye kiyoyozi cha kugandisha samaki.

Aliye Oslo au Minneapolis ana tatizo la kinyume. Nje ni barafu, lakini treni, ofisi na darasa vimepashwa joto hadi mtu anatoka jasho. Kwake sweta la kufungua mbele kwa vifungo linafaa kuliko zito la kuvalia kichwani. Mvua ni adui: alpaka iliyolowa hunywa maji, huwa nzito, hurefuka, na hukauka kwa kujivuta. Mkanda wa begi begani na mkanda wa gari kifuani huotesha vifundo vya manyoya, basi badilisha bega mara kwa mara. Bruchi na pini nzito zikae kwenye koti. Na usilivae sweta hilohilo siku mbili mfululizo. Lipumzike siku moja likiwa limetandazwa, nyuzi zirudi na unyevu utoke.

Kupumzisha huko kunapunguza kufua, na kufua ndiko kunakoua nguo hizi. Nimeona watu waangalifu, wanaopiga pasi hata leso, wakiharibu sweta la maana kwa siku moja ya usafi. Kwa kawaida sweta linalovaliwa juu ya shati linafuliwa mara chache tu kwa msimu. Katikati ya hapo lipunge hewani kivulini. Doa lisafishwe peke yake kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya kulifua ikifika, beseni, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi, na shampuu kidogo ya nywele. Shampuu kwa sababu alpaka ni nywele. Sabuni nyingi za unga huwekewa vimeng'enya vya kuvunja protini ili kutoa madoa ya damu na chakula, na unywele wa alpaka ni protini, kwa hiyo sabuni hailioni sweta kama nguo, inaliona kama doa. Jiki ni mbaya zaidi. Klorini huyeyusha sufu kabisa. Ukiitia jiki kali na kuiacha, utakuta uji. Hata kiasi kidogo huacha nguo ya manjano na ngumu.

Geuza sweta ndani nje, lizamishe, libonyezebonyeze kwa viganja kwa dakika chache. Usilisugue, usilifikiche kola kama ya shati la shule. Wanawake wa Chinchero, juu ya Cusco, hufanya kazi hii kwa mzizi uitwao saqta: huuparuza kwenye maji ya uvuguvugu hadi yanatoa povu jingi jeupe, kisha huyazamisha manyoya machafu na kuyaminya polepole, na yanatoka meupe mkononi mbele ya macho ya wageni. Hawayasugui. Wanajua kinachotokea.

Kinachotokea ni kwamba magamba ya nywele, yakipata joto, maji na msuguano kwa pamoja, hufunguka, hushikana na nywele za jirani, na hayaachiani tena. Nguo inarudi. Alpaka ina magamba yaliyolala kwa hiyo huchelewa kidogo kuliko kondoo, ila ikishika imeshika. Hakuna dawa ya kuirudisha, chochote utakachosoma. Mabadiliko ya ghafla ya joto nayo hayafai, kwa hiyo maji ya kusuuza yawe na joto sawa na ya kufulia. Mashine ya kufulia iachie nguo ambazo lebo yake imeiruhusu. Alama ya beseni lenye mkono ni kufua kwa mikono. Pembetatu iliyopigwa msalaba ni marufuku ya jiki. Mraba wenye duara ndani uliopigwa msalaba ni marufuku ya mashine ya kukaushia. Hiyo ya mwisho itii kuliko zote.

Kulikamua ndiyo dhambi nyingine. Libebe kwa mikono yote miwili likitoka kwenye maji, maana likining'inia mkono mmoja uzito wa maji utalivuta likawa la mtu mwingine. Litandaze juu ya taulo kavu, lizungushe pamoja na taulo kama mkeka, likandamize kwa magoti. Likunjue, lihamishie taulo la pili, linyooshe kwa mikono hadi vipimo vyake vya awali: mabega, urefu, pindo. Wengine hupima kabla ya kufua na kuandika kwenye karatasi, na hao ndio wenye masweta yanayodumu. Likauke likiwa limelazwa, kivulini, penye upepo. Kamba ya kuanikia na vibanio haviruhusiwi. Pasi ikihitajika, iwe ya mvuke, isiguse nguo, au ipite juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kwenye kabati likunjwe, lisitundikwe. Hanga hulitoboa mabega kwa ndani na kulirefusha mwili. Vifundo vinavyoota kwapani na ubavuni ni nywele fupi zinazojitokeza na kujiviringisha. Hata nguo ya bei mbaya huota, hasa miezi ya kwanza. Vinyofoe kwa kitana maalumu cha masweta au kimkasi, nguo ikiwa imelala, wala usivivute kwa kucha.

Halafu nondo. Yule mdogo wa rangi ya dhahabu anayerukaruka kabatini hali kitu. Mdomo wa kulia hana. Wanaokula ni viluwiluwi wake, na hupenda kuanzia penye jasho, mafuta au tone la mchuzi. Kwa hiyo kabla ya kuweka nguo kwa msimu mzima, ifue hata kama inaonekana safi. Ikaushe kikamilifu, hasa Pwani ambako ukungu hufika kabla ya nondo, uitie ndani ya foronya ya pamba iliyofungwa. Mierezi na lavenda hunukia vizuri na huenda zikamfukuza mmoja wawili, lakini haziui mayai. Friza huua: nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, siku kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nguo za mitumba zipite huko kabla ya kukaribia kabati lako. Zile tembe nyeupe za naftalini ziogope palipo na mtoto mchanga. Katika ukanda wetu wa malaria wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwao mvuke wa naftalini kwenye nguo unaweza kuvunja chembe za damu.

Lipo pia swali la mnyama. Mwaka 2020 shirika la PETA lilitoa video ya ukataji wa manyoya kwenye shamba moja kubwa la Peru, alpaka wakivutwa, kufungwa kwa nguvu na kujeruhiwa, na kampuni kadhaa za mavazi zikajitenga. Mwaka uliofuata shirika la Textile Exchange likaanzisha kiwango cha kukagua ufugaji na ukataji wa alpaka, kifupi chake RAS. Nguo mpya yenye alama hiyo imepitia macho ya mkaguzi. Ya mtumba haina alama, na deni lake kwa mnyama lilishalipwa au kukopwa zamani.

Na kama maji ya moto yamekwisha kupita, sweta la baba limekuwa la mtoto wa darasa la pili? Mvalishe, kama halimchomi. Likiwa gumu mno, chukua mkasi. Sufu iliyorudi haifumuki ikikatwa, haihitaji hata pindo. Mikono hutoa soli za ndani ya viatu vya mvua, mgongo hutoa vishikio vya sufuria ambavyo haviyeyuki kwenye moto kama vya akriliki, na kilichobaki kina ukubwa wa kutosha kufunika chupa ya chai.